Mpagazi Hakuwa na Sare



Wale mnaopita huku siku hizi hushukia uwanja wa ndege wa OR Tambo. Mimi nilipofika mwaka 1996 uwanja ulikuwa umeshabadilishwa jina miaka miwili nyuma, lakini dereva wa teksi aliyenichukua bado aliuita Jan Smuts, kama walivyouita watu wengi wa mji. Jina hilo nililijua. Bibi yangu mzaa baba, ambaye hakusoma hata darasa moja, alikuwa akilitamka "Simati". Kwake Simati hakuwa mtu, alikuwa mwaka. Mwaka wa Simati ndio mwaka ambao kaka yake babu alichukuliwa kwenda kubeba mizigo ya vita, asirudi. Aliondoka amejitanda kaniki ya dada yake, tena mpya, na yule dada aliidai kaniki hiyo mpaka uzeeni, kwa yeyote aliyekubali kumsikiliza.

Kwetu ni Upare, chini ya milima, pale reli ya Tanga inapopita kwenda Moshi. Jenerali Smuts alikabidhiwa majeshi ya Waingereza ya Afrika Mashariki mwezi Februari 1916, Machi akaingia Moshi, na Mei akateremka kufuata reli na mto Pangani akiwasukuma Wajerumani kuelekea kusini. Mtu yeyote mwenye mabega mawili aliyekuwa karibu na njia hiyo alikuwa mashakani.

Sikutazamia kwamba habari hii ingenikuta mezani hapa Johannesburg, miongoni mwa wanaume wazima wenye miwani ya kukuzia na brashi nyembamba kama kope.

Ilikuwa hivi. Mwenzangu mmoja kazini, fundi wa lifti, alinialika Jumamosi kwenye ukumbi ambao klabu yao hukodi kaskazini mwa mji. Nilidhani ni kucheza karata. Nikakuta meza ndefu zimetandikwa nguo ya kijani, milima ya povu, miti ya waya, na juu yake mamia ya visanamu vya askari visivyozidi kimo cha kidole gumba. Kila kimoja kilikuwa kimepakwa rangi hadi vifungo vya koti. Nilitaka kucheka. Halafu mzee mmoja, Kaburu mwenye mikono inayotetemeka kila wakati isipokuwa anaposhika brashi, akaniwekea mbele kisanamu cha milimita 28 na kuniambia nikitazame kupitia lenzi. Sikucheka tena. Kila mtu pale alimwita Oom, kama sisi tunavyosema mjomba, nami nikamwita hivyo hivyo.

Kazi yenyewe ni ya subira. Kisanamu hutoka kiwandani kikiwa cha madini au cha plastiki, na mabaki ya kalibu mbavuni, ambayo huna budi kuyakwangua kwa kisu. Unakiosha kwa sabuni, unakipulizia rangi ya msingi, kisha unaanza kukivisha kutoka ndani kwenda nje kama mtu anavyovaa: ngozi kwanza, ndipo shati, koti, mikanda, na mwisho bunduki. Baada ya hapo unakimwagia rangi nyembamba kama chai ya rangi ili ijikusanye kwenye mikunjo iwe kivuli. Ikikauka, unapitisha brashi iliyofutwa karibu yote kwenye kingo ili mwanga uonekane. Vanishi, mchanga chini ya miguu, basi. Kisanamu kimoja kwangu mimi ni jioni mbili. Oom humaliza vitatu kwa jioni moja huku akisikiliza kriketi redioni.

Mchezo huu si wa jana. Mafundi wa Nuremberg walikuwa wakiuza askari bapa wa bati tangu karne ya 18. Mwaka 1893 kiwanda cha William Britain cha London kilipata njia ya kumimina askari wa risasi wenye uwazi ndani, kwa hiyo wepesi na wa bei nafuu, na kuanzia hapo watoto wa Kiingereza wakaijua himaya yao kwa masanduku. Wazulu walikuwemo na mikuki yao. Baadaye walikuwemo pia askari wa King's African Rifles, kea kwa jina la mitaani, wenye tarbushi na kaki. Mwandishi H. G. Wells akatoa kitabu cha sheria za kucheza vita sakafuni mwaka 1913. Mwaka uliofuata vita vyenyewe vikatoka sakafuni.

Klabu ya Oom ilikuwa ikitayarisha mapigano ya Salaita, na hiyo ndiyo sababu ya kualikwa kwangu. Walitaka mtu wa huko. Salaita ni kilima kidogo upande wa Kenya, karibu na Taveta. Tarehe 12 Februari 1916, siku chache kabla Smuts hajawasili, vijana wa Afrika Kusini waliokuwa wageni kabisa barani huku kwetu walipelekwa kukishambulia. Waliambiwa adui ni wachache na wako kileleni. Adui walikuwa zaidi ya elfu moja, na mahandaki yao yalikuwa chini, miguuni pa kilima, yamefichwa na vichaka. Zaidi ya watu 170 wa upande wa Waingereza waliuawa, kujeruhiwa au kupotea, wengi wao Waafrika Kusini. Walipokimbia, waliowafunika mgongo ni Wabaluchi wa jeshi la India. Husimuliwa kwamba Wabaluchi walirudisha bunduki ya rashasha iliyoachwa na Waafrika Kusini pamoja na ujumbe wa kuwaomba wasiwaite tena makuli. Kama ni kweli au imetiwa chumvi, Oom aliisimulia kwa raha, na babu yake mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokimbia.

Nikapewa kazi ya kupaka askari wa Mjerumani. Kuna vitabu vya rangi kwa ajili hiyo, na wenye mchezo huu huvibishania kama mashekhe na hati za kale. Koti la kaki, kaki ipi? Iliyofuliwa mara ngapi? Tarbushi imefunikwa kitambaa, mbele ana tai wa chuma. Vitambaa vya kuzungushia miguu ni vya buluu au vya kaki? Bunduki nyingi zilikuwa bado za modeli ya 1871, ambazo baruti yake hutoa moshi mweupe na kumfichua mpigaji, hivyo mezani huwekwa kipande cha pamba mbele ya kila kikosi kilichofyatua. Nilijifunza mengi, na mengine nikafundisha. Chupa ya rangi ya ngozi waliyokuwa wakiitumia ilikuwa moja tu, kahawia ya namna ya kiatu, kwa Waafrika wote. Niliwaambia kwamba kombania moja ya Mjerumani ilikuwa na Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, na mabaki ya Wasudani waliokuja na Wissmann mwaka 1889, na kwamba hata ndugu wawili wa tumbo moja hawana rangi moja. Oom akaleta chupa sita. Tangu siku hiyo nachanganya mwenyewe kwenye kisahani: kahawia, nyekundu kidogo, tone la buluu kwa walio weusi zaidi. Nyeusi tupu situmii, huua uso.

Hapa niseme jambo ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda. Askari wa Mjerumani siyo wa kutukuzwa kwa sababu tu ni mweusi na alipigana vizuri. Hao hao, au baba zao, ndio waliochoma mashamba ya kusini wakati wa Maji Maji, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Katika vita hivi vya Simati majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka na ng'ombe wa Wagogo hadi ikaja njaa ambayo wenyewe wanaikumbuka kwa jina la Mtunya. Nampaka rangi kwa makini kwa sababu alikuwepo, na hiyo inatosha.

Nilipomaliza kombania yangu nikauliza, "Wapagazi wako wapi?"

Nikaonyeshwa vipande vya karatasi ngumu vilivyoandikwa "chakula" na "risasi". Mpagazi katika sheria zetu alikuwa kikaratasi. Ukikipoteza, kikosi chako hakifyatui. Si kwamba visanamu vya wapagazi havipo madukani. Vipo, lakini vingi ni kwa ajili ya wale wanaocheza safari za Wazungu wapelelezi wa karne ya 19. Wenye kuunda majeshi ya mwaka 1916 huviona kama mapambo, unaweka viwili pembeni ya hema ili meza ipendeze.

Sasa fikirini. Hawa ni watu ambao wanaweza kugombana Jumamosi nzima kuhusu idadi ya vifungo. Kombania ya Mjerumani ilikuwa na askari wapatao 160, Wajerumani kati ya 16 na 20, na wapagazi wasiopungua 250. Sisi klabuni kisanamu kimoja huwakilisha watu kumi. Kwa hiyo, kwa mizani yao wenyewe, kombania yangu ilihitaji askari 16, Wazungu wawili na wapagazi 25. Tena hapo sijaweka wake za askari, watoto na maboi wao, ambao walifuata safu kila ilikokwenda. Jeshi likipakwa kwa haki, meza nzima ni ya watu wasio na bunduki.

Kwa upande wa Waingereza hesabu ni mbaya zaidi. Mwanzoni Smuts alitegemea farasi na magari ya ng'ombe, kama walivyozoea kupigana huku kwao. Mbung'o hawakujali uzoefu huo. Makumi ya maelfu ya farasi, nyumbu, ng'ombe na punda walikufa mwaka 1916, na mvua ikazamisha malori. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Na kichwa cha mtu kina hesabu yake. Mpagazi alibeba kilo kama 25. Yeye mwenyewe anahitaji karibu kilo moja ya chakula kwa siku. Mpeleke mwendo wa siku kumi kutoka ghalani na umrudishe siku kumi: kati ya kilo 25 za unga alizoondoka nazo, amekula 20. Askari aliyeko mbele anapokea tano. Ukitaka kumlisha askari mmoja mwezi mmoja mbali na reli, unahitaji kundi la watu nyuma yake, na kundi jingine nyuma ya hilo. Nilimwandikia Oom hesabu hii kwenye bahasha. Aliitazama muda mrefu, kisha akaipindua kuangalia kama kuna makosa upande wa pili.

Ndiyo maana walichukuliwa wengi kiasi kile. Kenya, sheria ya mwaka 1915 iliruhusu watu kuchukuliwa kwa nguvu, na mwaka 1917 likapita kamata-kamata kubwa lililosimamiwa na John Ainsworth. Kutoka Kenya peke yake walitoka zaidi ya 150,000. Ukijumlisha wa Tanganyika, Uganda, Nyasaland, Kongo na kwingineko waliotumikia upande wa Waingereza na washirika wao, wanahistoria hufikia kama milioni moja. Waliokufa kwa hesabu rasmi ya Waingereza ni karibu 95,000, na wengi waliochunguza wanaiona hesabu hiyo kuwa ndogo. Hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia. Mtu aliyekulia ndizi au wali alipewa unga wa mahindi usioiva vizuri, kwa kuwa hapakuwa na muda wala sufuria, na matumbo yakakataa. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia ndugu zao. Fedha hizo zilibishaniwa miaka mingi kati ya Nairobi na London, na wenye nazo hawakuzipata.

Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Sisi tuliokwenda kununua mitumba Kariakoo ya Dar es Salaam, au kula nyama Kariokor ya Nairobi, tumetamka jina hilo maelfu ya mara huku tukipunguziwa bei.

Basi nikaamua kupaka wapagazi 25. Ndipo nikagundua tatizo ambalo askari hakuwa nalo: mpagazi hana kitabu cha rangi, maana hakuwa na sare. Nilibaki na picha chache za wakati ule, zisizo na rangi, na maneno ya bibi. Merikani ndiyo nguo ya wengi, na merikani mpya si nyeupe bali ni kama maziwa yaliyopoa. Baada ya wiki mbili njiani inakuwa rangi ya njia. Kaniki ni buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi, na ikipauka inarudi kwenye kijivu. Wengine walipewa blanketi, wengine gunia lenye tundu la kichwa. Miguu ni mitupu. Kichwani pana kata ya majani au ya kitambaa, na juu yake mzigo: sanduku la risasi, mfuko wa unga, bati la biskuti, kitanda cha Bwana Mkubwa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mchanga. Nilichota kwenye vilima vya mabaki ya machimbo, ambavyo kila mtu wa Johannesburg anavijua, laini na wa manjano. Oom akatazama tu akasema, "Hawa wanatembea Boksburg." Nilipokwenda nyumbani mwaka huo nilirudi na kopo la udongo mwekundu wa uwanjani kwetu. Forodhani sikuulizwa.

Siku nyingine Oom alinichukua kwa gari hadi Pretoria, kwenye bustani za Union Buildings, ambako pana mzinga wa meli ya Kijerumani Königsberg. Meli hiyo iliangamizwa katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani wakaiopoa mizinga yake 10 ya milimita 105, wakaifungia magurudumu na kuitumia nchi kavu. Mwingine mko nao Ngome ya Yesu, Mombasa. Katika sheria zetu mzinga huu huendeshwa na visanamu vitano. Nimeuzunguka na kuupigapiga kwa kiganja. Ulitolewa kwenye matope ya Rufiji kwa kamba na mamia ya watu. Kibao cha ukumbusho cha namna hiyo huwa kinataja meli.

Jumba la makumbusho ya kijeshi la hapa mjini, lililofunguliwa na Smuts mwenyewe mwezi Agosti 1947, liko Saxonwold, jirani na bustani ya wanyama. Nawashauri mlitembelee. Kichekesho ni jina la mtaa: hapo zamani palikuwa msitu wa kupandwa ulioitwa Sachsenwald, kwa jina la msitu wa Bismarck huko Ujerumani, kisha likageuzwa la Kiingereza. Bismarck aliyetuchukua na Smuts aliyetupokonya wamekutana kwenye anwani moja.

Kuhusu sanamu kubwa, za shaba, sisi wenyewe hatujakubaliana. Dar es Salaam, ile ya mwaka 1927 inamweka askari peke yake juu na singe yake imeelekea bandarini. Nairobi, katika barabara ya Kenyatta, ile ya mwaka 1928 ina watu watatu na mpagazi ni mmoja wao, amesimama sawa na wenye bunduki. Wakenya watanisamehe, si kawaida yangu kuwasifu, lakini hapo walitushinda.

Afrika Kusini nao wana wapagazi wao. Serikali ya wakati ule haikutaka mtu mweusi ashike bunduki dhidi ya Mzungu, hivyo weusi waliandikwa kuwa vibarua. Meli ya Mendi ilipozama Februari 1917 ikielekea Ufaransa, walikufa nao zaidi ya 600, na ukumbusho wao uko makaburi ya Avalon, Soweto. Wasiojulikana sana ni wale waliopelekwa kwetu. Mwezi Januari 1925? Hapana, 2025, zaidi ya miaka mia moja baadaye, ndipo lilipofunguliwa Cape Town kumbukumbu la vibarua weusi 1,772 waliokufa katika vita vya barani Afrika bila kaburi linalojulikana. Kila jina limechongwa kwenye nguzo yake ya mvule. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikuwa imekiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Oom alinisomea taarifa hiyo kwenye simu yake, akasita kwenye tarakimu ya pili, akairudia.

Wapagazi wangu 25 walinichukua karibu mwaka mzima. Tulipocheza tena, tukihamia kwenye safari ya kusini ya mwaka 1917, nilitoa sharti moja: vikaratasi viondolewe, na kikosi kisipige hatua zaidi ya wapagazi wake. Vijana wa klabu walilalamika kwamba mchezo umekuwa mzito. Wajerumani walikaa zamu tatu wakisubiri unga. Waingereza, ambao Smuts alikwisha kuwatangazia London mwaka huo kwamba kazi imekwisha, hawakufika hata mtoni. Vita halisi navyo viliendelea mpaka tarehe 25 Novemba 1918, von Lettow aliposalimisha silaha Abercorn, sasa Mbala, nchini Zambia.

Wakati wa kukusanya vitu Oom alivaa miwani yake ya kukuzia akawa anawapanga wapagazi kwenye sanduku, mmoja mmoja, ndani ya sponji. Akasimama kwenye mmoja.

"Hawa wote umewavisha nguo iliyochakaa," akasema. "Huyu kaniki yake mpya. Umesahau kuipausha?"

Nikamwambia sikusahau. Ile si yake, ameazima kwa dada yake.